Nilivyovitoa kabatini vishikwambi vya shule yetu

Vishikwambi vilifika shuleni kabla ya mtu yeyote kuuliza vitachajiwa wapi. Picha zikapigwa, mzabuni akaenda zake, mwalimu mkuu akanigeukia: "Mwalimu, si wewe ndiye wa kompyuta?" Ujuzi wangu wote ulikuwa kubadilisha wino wa printa. Vikaingia kabatini, vikalala miezi.

Kila niliyemwomba ushauri alisema tatizo ni intaneti, tuongeze kasi. Tukaongeza, na hela ikatoka kwenye fungu la chaki na karatasi. Siku ya uzinduzi darasa zima likawasha kwa mkupuo. Kumbe kila kishikwambi, baada ya usingizi ule mrefu, kina deni la masasisho! Vyote vikaanza kupakua kwa pamoja, kupitia ruta moja ya aina ya nyumbani. Viduara vikazunguka. Nikazima ruta, nikawasha, nikaishika juu mikononi kana kwamba hewa ya juu ina intaneti zaidi. Viduara vikazunguka tena. Somo lilikuwa la hisabati, mada ya sehemu, na hatukugawa hata chungwa. Binti mmoja wa dawati la nyuma akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama anaruhusiwa kurudi kwenye daftari.

Kilichotuokoa ni kuchomoa waya wa intaneti. Wenzangu walidhani nimechanganyikiwa. Kuna programu ya bure iitwayo Kolibri: unaiweka kwenye kompyuta moja, unapakua masomo mara moja tu, halafu vifaa vingine vinayasoma kupitia ruta ileile bila intaneti. Nikafufua kompyuta ya zamani iliyokuwa stoo. Kisha nikaweka wanafunzi wanne kwa kishikwambi kimoja, ruta ikapumua. Na afadhali hivyo, maana wanabishana jibu kabla ya kuligusa.

Umeme nao nilitishwa bure. Chaja ya kishikwambi ni kama wati 10, kwa hiyo 40 ni wati 400, birika la umeme linakula zaidi ya hapo. Hatari ni ekstensheni juu ya ekstensheni. Mwiteni fundi afunge safu ya soketi ukutani, basi. Na likizo msiviache vikiwa tupu: betri za lithiamu zikikaa sifuri muda mrefu hufa, na joto la stoo huzimaliza. Ziacheni nusu. Vyetu kadhaa havikuamka tena.

Mwalimu mkuu alipoanza kuzungumzia ubao wa kidijitali kwa kila darasa, nilimsimulia ya Los Angeles. Mwaka 2013 shule za umma za huko zilianza kugawa iPad. Haukupita muda wanafunzi wakafuta mipangilio ya udhibiti na kuingia mitandao ya kijamii. Mwaka 2014 mkataba ukasitishwa. Kama mji wenye fedha namna ile ulikwama, sisi tuna haraka ya nini?

Akakubali fomu yangu ya ukurasa mmoja: anayetaka kifaa aandike ni cha somo gani, kipindi kipi, nani atakichaji, nani atakitengeneza kikiharibika. Ombi la ubao lilikuja wiki hiyohiyo, limejazwa vizuri sana, na kwenye mstari wa mwisho wameandika jina langu. Nimelirudisha.