Dumu la Maji ya Namugongo

Tulivuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda asubuhi ya tarehe 2 Juni, tukienda kuhiji Namugongo, basi zima tumevaa fulana moja: shahidi Karoli Lwanga kifuani, jina la jumuiya mgongoni. Mwenyekiti wa safari alikuwa na daftari la waliolipa nauli. La waliokwenda kuungama hakuwa nalo, na mimi nilikuwa wa kwanza kulipa. Kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, huu ulikuwa mwaka wa tatu hatusemezani kwa ajili ya mpaka wa kibanja, migomba minne tu. Kila Jumapili nilikuwa napokea komunyo kama kawaida.

Kayabwe, pale Ikweta inapokata barabara ya Kampala, tukashuka kupiga picha. Kisha rozari, kwaya, usingizi.

Jioni tukaingia Namugongo. Watu walikuwa wamejilaza kwenye mikeka kila mahali, wengine wametembea kwa miguu kutoka Kenya. Basilika imejengwa kwa umbo la msonge, na nguzo zake 22 ni idadi ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Altare iko pale alipochomwa Lwanga tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kwa ajili ya imani yake. Siku ileile, karibu na hapo, Wakatoliki na Waanglikana waliteketezwa kwenye moto mmoja. Leo tunawakumbuka kwenye viwanja viwili, kila dhehebu na geti lake. Sijui hao waliokufa pamoja wangetuambia nini.

Aliyenikosesha usingizi ni Kizito, mmoja wa mashahidi hao, kijana wa miaka kama 14. Lwanga alimbatiza usiku, kule Munyonyo, haraka haraka, kwa kuwa kulipokucha walikuwa wanakwenda kuhukumiwa. Hakukuwa na msimamizi mwenye suti, wala keki, wala mpiga picha. Mimi vyeti vyangu vya ubatizo, kipaimara na ndoa vimo kabatini ndani ya bahasha moja, hata panya hawavigusi.

Asubuhi tukapanga foleni ya maji ya baraka kwenye ziwa dogo la palepale Namugongo. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa makamo aliyetoka Busia kwa miguu, nyayo amezifunga vitambaa. Ilipokaribia zamu yake akasogea pembeni.

"Tangulia tu, baba. Mimi kuna mtu nampigia simu."

"Watu ni wengi, mama. Utakosa nafasi."

"Ni wifi yangu. Nilimtamkia maneno mabaya msibani. Nikiteka maji haya kabla hajanisikia, nitakuwa nimebeba maji ya kufulia."

Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Foleni ikampita, watu kumi, ishirini, naye amesimama palepale na dumu lake tupu, simu sikioni, midomo ikichezacheza kama anayejikumbusha atakachosema.

Nikajaza langu, lita tano. Simu yangu ilikuwa mfukoni, ina chaji na ina salio, na namba ya kaka naijua kwa kichwa. Nikakaza kifuniko, nikawahi Misa.

Wakati wa kurudi, pale mpakani, ofisa aligonga dumu langu kwa kalamu.

"Humu mna nini?"

"Maji."

"Maji tu?"

Nyuma yangu kwaya ilikuwa bado inaimba.

"Maji tu," nikamjibu.