Namna triga ilivyonisaidia kuishusha F ya yufoniamu

Yufoniamu nyingi (ala za shaba za kupuliza) za B flati zenye mfumo wa kufidia, yaani wa kusahihisha sauti, ule uliobuniwa na David Blaikley katika miaka ya 1870, zina tabia moja ambayo wapulizaji wanaifahamu vizuri: noti za hamoniki ya sita (sauti ya sita katika ngazi ya sauti ambazo bomba moja hutoa kwa kubadilisha midomo tu), yaani F isiyobonyezewa valvu, E ya valvu ya pili na E flati ya valvu ya kwanza, hupanda kupita kiasi. Mfumo wa Blaikley huongeza urefu wa bomba pale valvu ya nne inapobonyezwa pamoja na nyingine, kwa hiyo F isiyo na valvu haipati msaada wowote kutoka kwake. Kwenye chombo changu ilikuwa juu kwa takriban senti 20 (senti ni kipimo cha tofauti ya sauti), ilhali nusu toni nzima ni senti 100.

Kabla ya kupata triga, yaani wenzo wa kusogeza slaidi kuu (bomba la kurekebishia sauti ya chombo kizima), nilikuwa nikiishusha F kwa kulegeza midomo, au kwa kutumia valvu ya nne peke yake, au ya kwanza na ya tatu pamoja. Njia ya midomo huifanya sauti ipoteze kiini chake, na njia ya valvu mbadala huleta F yenye rangi tofauti na noti zinazoizunguka. Triga haina kasoro hizo, kwa kuwa huachia midomo na valvu kazi zake za kawaida: kidole gumba cha mkono wa kushoto husukuma wenzo, slaidi kuu hutoka nje, na springi huirudisha mara kidole kinapoachia.

Kazi ya kwanza ilikuwa slaidi yenyewe. Grisi nzito inayofaa slaidi za kawaida huifanya ya triga irudi kwa uvivu, nayo ikichelewa kurudi, noti inayofuata F huanza ikiwa chini. Niliifuta yote, nikapaka mafuta mepesi, kisha nikahakikisha kwamba miguu yote miwili ya slaidi inateleza sambamba. Kwa bomba la karibu mita 2.75, senti 20 zinahitaji slaidi itoke kama sentimita moja na nusu tu, na mwendo mdogo namna hiyo hauvumilii kukwama hata kidogo.

Kidole nilikifundisha kwa sikio, si kwa kutazama kipimo cha simu. Niliweka sauti ya F isiyokatika, nikapuliza juu yake, nikasikiliza mapigo, yaani mtikisiko unaosikika sauti mbili zinapokaribiana bila kulingana: kwa tofauti ya senti 20 husikika kama manne kwa sekunde, na kadiri slaidi inavyotoka yanapungua mwendo mpaka yanatoweka. Baadaye nilibadilisha sauti ya chini. Juu ya B flati, F hukaa karibu na mahali pake pa kawaida. Juu ya D flati, ambapo F ni ya tatu ya kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), inataka kushuka senti 14 zaidi. Hapo ndipo triga inapostahili gharama yake, maana hakuna valvu mbadala inayoweza kugawa kwa udogo huo.

Faida ambayo sikuitarajia ilikuwa kwenye D ya hamoniki ya tano, ambayo kwa asili iko chini kwa senti 14 hivi. Triga haiwezi kupandisha noti. Hata hivyo, zamani nililazimika kuvuta slaidi kuu nje kidogo ili F ivumilike, na D ikazidi kuzama. Sasa slaidi ikitulia hukaa ndani zaidi, D imepata nafuu, na F naishughulikia kwa kidole.

Katika vifungu vya haraka siigusi triga, kwa sababu F ya nusu-robo ikipita mbio hakuna sikio linaloilalamikia, na wenzo unaosukumwa ovyo hutikisa kipulizio mdomoni. Naitumia kwenye noti ndefu, mwisho wa sentensi za muziki, na popote ninapopuliza sauti moja na pembe nyingine.