Vidonge vya kifua vya mama na ule usiku wa masika

Mwaka juzi mwezi wa nne, ile mvua ya masika inayopiga bati usiku kucha mpaka asubuhi unasikia Jangwani hakupitiki, mama aliniamsha saa nane usiku. Hakupiga kelele, alisimama tu mlangoni akasema "mwanangu hebu nishike hapa", nikaweka kiganja kifuani kwake, moyo unaenda mbio kama wa mtu aliyekimbizwa. Mikono inatetemeka mpaka maji yanamwagika kwenye kikombe, ameshatapika mara mbili, usingizi hana siku ya pili. Na kilichonichanganya ni kwamba kifua hakikuwa kimebana. Mimi pumu ya mama naijua tangu niko darasa la pili, ule mluzi wake nausikia hata nikiwa chumba kingine, na usiku ule haukuwepo. Nikasema hii presha. Kaka yangu kwenye simu akasema malaria. Mama mwenyewe akasema ngoja nimeze kidonge cha kifua kitanituliza, na mimi nikamletea maji akameza. Hicho kidonge nimekifikiria sana baadae, ndo kimenifanya niandike haya.

Mama alikuwa mama lishe Buguruni zaidi ya miaka 20, kuni, mkaa, na mkaa ukipanda bei wanachoma mabaki ya mbao. Pumu anayo tangu usichana lakini moshi ule uliiongezea nguvu. Dawa yake kwa miaka mingi ilikuwa aminofilini, vidonge vya miligramu 100, anavinunua duka la dawa mtaani kwetu huku Tabata, wanampimia kwenye bahasha ndogo ya khaki wameandika 1x3 kwa kalamu, jina la dawa halipo, tarehe haipo, basi. Na vilimsaidia, sisemi uongo, vilimsaidia kweli, alikuwa anapanda ngazi za kwa dada yangu ghorofa ya tatu bila kusimama.

Wiki ile sasa alikuwa analalamika mkojo unamchoma. Akaenda dukani, akaambiwa ni UTI bila kupimwa chochote, akapewa Cipro, vidonge vya kuua bakteria, za siku tano. Hakuna aliyemuuliza unatumia dawa gani nyingine mama, na yeye hakusema mana kwake vidonge vya kifua vilishakuwa kama chumvi ya jikoni, si kitu cha kutaja mbele za watu.

Tulifika hospitali kwa bajaji saa tisa na nusu tumelowa wote. Dokta alikuwa kijana mdogo, akamwamkia mama vizuri, "shikamoo mama, nyumbani unameza dawa gani?" mama akasema "marahaba baba, vidonge vya kifua tu", dokta akauliza vinaitwaje, kimya. Bahati nilikuwa nimekusanya kila kitu kwenye mfuko wa rambo nikaondoka nacho, nikamwaga mezani, akaangalia vile vidonge alafu akaangalia boksi la Cipro alafu akamwambia nesi lete mashine ya kupima moyo haraka. Hizi mbili, akasema, hazikai pamoja.

Alinielezea asubuhi mama ametulia, na namshukuru mpaka leo kwa jinsi alivyokaa chini kunielewesha. Aminofilini ukishaimeza inakuwa theofilini, na ini ndo lenye kazi ya kuivunja ili itoke. Cipro inalizuia ini kufanya ile kazi. Ni kama pale Buguruni kwenye mataa askari akisimamisha upande mmoja, magari kutoka Tazara hayajui kama mbele kumefungwa, yanazidi kuja tu na kujazana. Mama alikuwa anameza dozi ile ile aliyoizoea miaka yote, hajaongeza hata nusu, lakini ndani ya damu dawa inapanda kila siku. Na kile kidonge cha saa nane usiku nilichompa kwa mkono wangu kilikuwa gari lingine kwenye foleni.

Theofilini ina nafasi ndogo sana kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru. Kiwango ambacho madaktari wamekizoea ni miligramu 10 hadi 20 kwa kila lita ya damu, na ikishapita 20 shida zinakuwa za kutarajiwa, kichefuchefu, kutapika, kichwa, kukosa usingizi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, na ikizidi hapo mapigo ya moyo yanavurugika na mtu anaweza kushikwa na degedege. Kilichonitisha ni dokta kusema kwamba degedege inaweza kuja bila kutanguliwa na kutapika, yaani usitegemee kwamba mwili lazima ukupe taarifa kwanza. Kipimo cha kujua kiwango hicho kwenye damu si kila hospitali kipo, kwa hiyo kinga yako kubwa ni kutaja dawa zako kabla hujapewa nyingine.

Na si Cipro peke yake. Erithromaisini na klarithromaisini, nazo za kuua bakteria, zinafanya hivo hivo, simetidini ya vidonda vya tumbo nayo. Hizi ni dawa ambazo Dar hii unaziokota kwenye duka lolote kama unanunua vocha. Alafu kuna upande wa pili, dawa zinazolifanya ini liivunje theofilini haraka kupita kawaida, rifampisini ya TB, na za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitali, hapo mtu anameza vidonge vyake kwa uaminifu na kifua bado kinabana, anadhani dawa ni feki. Wazee, na watu wenye matatizo ya ini au moyo, dawa inakaa muda mrefu mwilini kwa hiyo dozi ya jirani isiwe dozi yao.

Sigara nayo imo. Moshi wa sigara unalisukuma ini kuitoa theofilini upesi, kwa hiyo mvutaji anaweza akawa amewekewa dozi kubwa, sasa siku akiacha, tuseme Ramadhani imeingia ameamua moja kwa moja, ambalo ni jambo jema sana, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake na ile dozi inaanza kuwa kubwa kwake. Aache, lakini amwambie daktari kwamba ameacha.

Kahawa sasa, hapa mama alinuna kabisa. Theofilini ilitolewa mara ya kwanza kwenye majani ya chai mwaka 1888 na Mjerumani Albrecht Kossel, na ni ndugu wa damu na kafeini iliyomo kwenye kahawa. Kwa hiyo wazee wanaosema kahawa chungu inafungua kifua hawajakosea, kafeini inapanua njia za hewa kidogo kweli. Shida mama alikuwa anakunywa vikombe vitatu vinne vya yule mzee wa kahawa na kashata jioni, juu ya aminofilini, na Cipro inazuia hata kafeini isitoke. Kila kitu kilikuwa kinasukuma moyo upande mmoja.

Nimeongea sana aminofilini mana ndo iliyotupata, ila wengi wenu najua mnatumia salbutamoli, dawa nyingine ya kufungua kifua, ya vidonge au ya maji. Hiyo haina ile foleni ya kwenye ini lakini ina yake. Fikiria hivi: mkupuo mmoja wa inhela, ile pampu ya kuvutia mdomoni, ya salbutamoli una maikrogramu 100, kidonge kimoja cha miligramu 4 kina maikrogramu 4000, yaani sawa na mikupuo 40, mana kidonge lazima kizunguke mwili mzima ndo kifike kwenye mapafu wakati inhela inapeleka dawa pale pale panapohusika. Ndo maana ukimeza mikono inatetemeka na moyo unaruka. Mwenye kisukari sukari inaweza kupanda, na anayetumia Lasix ya kukojoza au prednisoloni ya kupunguza uvimbe pamoja na salbutamoli potasiamu inaweza kushuka, na potasiamu ikishuka sana moyo unapiga ovyo.

Wifi yangu wa Mbagala alinipigia mwezi uliopita, mtoto wake wa miaka minne hatulii, anatetemeka mikono, halali. Nikamwambia soma chupa zote unazompa. Kumbe anampa salbutamoli ya maji, na juu yake anampa dawa ya kikohozi ambayo ndani yake nayo ina salbutamoli, imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya chupa. Mtoto anapata dozi mbili na mama yake anadhani anatibu vitu viwili tofauti. Alafu anapima kwa kijiko cha jikoni. Jamani salbutamoli ya maji kwa kawaida ni miligramu 2 kwenye mililita 5, na vijiko vyetu vya nyumbani havilingani, kingine kidogo kingine kikubwa, tumieni kile kikombe kinachokuja na chupa au ombeni bomba la sindano bila sindano, famasi wanayo. Vidonge navyo viko vya 2 na vya 4, kwa macho vinafanana, kwa hiyo mtu aliyezoea kumeza kimoja anaweza akarudi dukani akapewa vile vingine na akameza mara mbili ya dozi yake bila kujua.

Kuna jambo nalisema kwa uchungu, nimeona mtu kijiji cha bibi yangu akipotea hivi. Mtu amebanwa, hawezi kumaliza sentensi, wanampa vidonge wanakaa wanasubiri. Kidonge kinaanza kufanya kazi baada ya kama nusu saa, na kufika nguvu yake kamili ni masaa mawili matatu, mtu aliyebanwa hana muda huo. Inhela inaanza ndani ya dakika chache. Ukiona mtu anaongea neno moja moja, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, midomo inabadilika rangi au ameanza kusinzia na kuchoka, hapo ni kuondoka kwenda hospitali, na kama inhela ya salbutamoli ipo mpeni mikupuo minne hadi kumi kupitia spesa, mmoja mmoja, huku mko njiani. Msimwongezee vidonge juu ya vidonge.

Spesa ni ile chupa ya kupitishia dawa ili isiishie kooni. Kama ya dukani huna uwezo nayo, chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako tundu la saizi ya mdomo wa inhela ichomekwe ibane vizuri, mtoto anavutia kwenye mdomo wa chupa. Hili nalitoa kwenye utafiti, madaktari wa Cape Town waliijaribu kwa watoto waliobanwa na pumu wakachapisha matokeo mwaka 1999, ikafanya kazi vizuri kama spesa ya kiwandani. Ioshe kwa maji na sabuni, iache ikauke yenyewe, usiifute ndani kwa kitambaa.

Najua watu wanaogopa inhela. Mama aliikataa miaka kumi, "ukianza pampu hutoki", "pampu ni ya wagonjwa wa mwisho". Yaani mtu anakataa maikrogramu 100 anakubali miligramu 4 kila siku! Inhela haimfanyi mtu kuwa mraibu, kinachomfanya aihitaji kila siku ni pumu ambayo haijatibiwa kwenye chanzo, ule uvimbe wa ndani ya njia za hewa. Salbutamoli na aminofilini zinafungua njia tu, uvimbe unabaki. Uvimbe huo unatibiwa na inhela za kukinga, zenye beklometasoni au budesonidi, na tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema mgonjwa asitegemee salbutamoli peke yake. Kwa hiyo kama unarudi dukani kila wiki kununua vidonge, hiyo safari yenyewe ni dalili, mwambie daktari. Na akina mama mliopika na kuni miaka mingi ombeni kipimo cha kupuliza kwenye mashine, mana moshi unaharibu mapafu kwa namna ambayo si pumu, na matibabu yake yanatofautiana.

Ah na mkienda kwa ajili ya presha au maumivu, tajeni pumu. Propranololi ya presha inaweza kumbana mwenye pumu vibaya sana, na diklofenaki, aspirini na ibuprofeni zinawabana baadhi ya watu.

Mama sahivi anavuta ya kukinga asubuhi na jioni, anasukutua mdomo akimaliza ili asipate utando mweupe. Daktari wa kifua alimwachia theofilini kidogo ya usiku, ile inayoachia dawa taratibu, hii haisagwi wala haitafunwi mana ukiivunja dawa ya masaa 12 inaingia kwa mkupuo mmoja. Akisahau hamezi viwili kufidia. Bahasha ya khaki haingii nyumbani kwetu bila jina la dawa kuandikwa juu yake. Na nimemwandikia karatasi, jina la kila dawa na miligramu zake, ipo kwenye pochi ile ile anayoweka kitambulisho.

Jumamosi iliyopita jino lilimuuma, akaenda peke yake kwa daktari wa meno, karatasi akaisahau kuitoa, akaandikiwa erithromaisini. Alipofika famasi dada wa pale akamuuliza "mama kuna dawa nyingine unatumia?" ndo akaikumbuka, akafungua pochi. Yule dada akasoma, akarudisha boksi kwenye shelfu, akampigia simu daktari wa meno mama akiwa amesimama pale pale, wakabadilisha. Mama alinipigia akiwa kwenye daladala kunihadithia, abiria wote wanasikia, anataja "theofilini" kwa sauti kama anataja jina la mjukuu wake.