Bunduki ya Mhamiaji Mwenzangu: Kuitunza M1 Garand Nikiwa Marekani

Ndugu wakisikia kwamba nina bunduki huku Marekani, wengi huuliza: ya kazi gani? Ni ya kulenga shabaha, na ni ya kutunzwa. Sehemu kubwa ya raha yake naipata mezani, ikiwa imefunguliwa vipande vipande juu ya kitambaa, mikono imejaa grisi.

Yenyewe ni M1 Garand. Ni bunduki ya kujipakia: ukivuta kifyatuo mara moja inatoka risasi moja, kisha mtambo unajirudisha nyuma, unatupa ganda na kuingiza risasi nyingine chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu. Inabeba risasi nane za aina ya .30-06 ndani ya klipu ya chuma, na ya nane ikishatoka, klipu tupu inaruka nje na kulia kama njuga. Jeshi la Marekani liliipitisha mwaka 1936, na zilitengenezwa zaidi ya milioni tano.

Aliyeibuni ndiye aliyenivuta kwanza. John Garand alizaliwa Saint-Rémi, Quebec, nchini Kanada, mwaka 1888, akaletwa Marekani akiwa mtoto, akapata uraia 1920. Wakati huo tayari alikuwa kwenye karakana ya serikali ya Springfield Armory, Massachusetts, na hapo ndipo alipofanya kazi yake yote kubwa. Hataza za bunduki hii aliikabidhi serikali na hakulipwa mrabaha. Baadaye Bunge la Congress liliombwa limpe dola 100,000, muswada ukakwama. Mimi kama mhamiaji kila nikiishika bunduki hii namkumbuka, na naona alistahili zaidi.

Kabla ya kuingia kwenye vipuri, neno kwa wenzangu mlio huku. Mtu mwenye viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, sheria ya serikali kuu kwa kawaida inamkataza kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa kwa vipengele vichache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mwenye grin kadi anaruhusiwa na sheria hiyo, lakini kila jimbo lina masharti yake, kwa hiyo soma ya kwako. Civilian Marksmanship Program, shirika linalouza Garand za zamani za jeshi kutoka Alabama na Ohio, linataka uwe raia, uwe mwanachama wa klabu inayotambulika, na uonyeshe kwamba umefanya mazoezi ya shabaha. Nilisubiri uraia ndipo nikaomba. Na tafadhali, usitume wala kubeba kipuri chochote cha bunduki kwenye begi la kwenda nyumbani, hata springi. Kutoa vipuri hivyo Marekani kunasimamiwa kwa vibali, na huko Afrika Mashariki sheria za silaha hazina mchezo.

Sasa mezani. Kwanza kabisa bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, inavutwa nyuma, chemba inatazamwa kwa macho na kuguswa kwa kidole, na risasi zote zinakaa chumba kingine. Kisha unafungua kilinzi cha kifyatuo, kitengo kizima cha kifyatuo kinatoka chini, mbao inaachana na chuma. Hapa utajua hali ya mbao yako: kilinzi kikifunguka kwa ulegevu, bila kukuomba nguvu, ujue mbao imesinyaa au imelika, na chuma kinacheza ndani yake. Bunduki ya namna hiyo haipigi mahali pamoja hata ukiwa na jicho la mwewe. Ndiyo maana siitoi kwenye mbao kila mara. Kuifungua kupita kiasi kunaila mbao yenyewe.

Garand inataka grisi, si mafuta mepesi. Mafuta yanatiririka na kuoshwa na mvua, grisi inabaki pale ilipopakwa. Naipaka kwa brashi ndogo: kwenye nundu ya fimbo ya mtambo, ile inayosukumwa na gesi ya baruti ili kurudisha bolti nyuma, pale ambapo jino la bolti linazunguka, kwenye meno mawili yanayofunga bolti, kwenye njia za risiva (mwili wa chuma ambamo bolti inakimbia), kwenye uso wa nyundo, na chini ya mtutu mahali fimbo inaposugua. Ukiitazama bunduki ambayo haijapakwa muda mrefu utaona chuma kinang'aa sehemu hizo, rangi yote imekwisha. Sehemu moja tu inabaki kavu, nayo ni silinda ya gesi, bomba karibu na mdomo wa mtutu ambamo gesi ya baruti inasukuma pistoni ya fimbo. Ukitia mafuta humo, moto wa baruti unayageuza masizi magumu, na pistoni inaanza kukwama.

Ndani ya bolti kuna pini ya kupigia isiyo na springi ya kuirudisha. Inaelea huru, kwa hiyo uchafu mnene humo ni hatari. Naisafisha mpaka nikitikisa bolti naisikia ikicheza.

Kusafisha mtutu kuna shida yake. Risiva imezibwa kwa nyuma, hivyo fimbo ya kusafishia lazima iingilie mdomoni, na mdomo wa mtutu ndio unaoamua risasi iendeko. Fimbo ikisugua ukingo huo miaka na miaka, shabaha inatawanyika. Mitutu mingi iliyopitia jeshini imelika hivyo kwa kusafishwa kuliko kwa kupigwa. Tumia kiongozi cha mdomo, kile kipande kidogo cha plastiki au shaba kinachoishika fimbo katikati. Na kama umepiga risasi kuukuu za wakati wa vita, zenye viwashio (vile vinavyowasha baruti) vinavyoacha chumvi, anza na maji, kwa sababu mafuta peke yake hayayeyushi chumvi.

Kuhusu kubadilisha vipuri, msimamo wangu ni huu: badilisha kinacholika, na ongeza kile tu kinacholinda kilichobaki. Cha kwanza ni springi ya fimbo ya mtambo. Inafanya kazi mbili, kurudisha fimbo mbele na kusukuma mkono unaoinua risasi ndani ya magazini. Ikichoka, bunduki inaanza kushindwa kuingiza risasi chemba, na mwenye bunduki anahangaika na klipu bure. Mpya ina urefu wa karibu inchi 20. Ikishuka chini ya 19, itoe. Ni kipuri cha bei ndogo, na ndicho watu hukisahau.

Cha pili ni kizibo cha gesi, skrubu inayoziba mbele ya silinda ya gesi. Garand ilitengenezewa risasi ya kijeshi yenye kichwa cha gramu karibu kumi na baruti inayoungua haraka kiasi. Risasi nyingi za kuwindia za leo zina kichwa kizito na baruti ya polepole, kwa hiyo gesi inafika kwenye tundu karibu na mdomo ikiwa bado na shinikizo kubwa, na fimbo ile ndefu inaweza kupinda. Kizibo cha kurekebishika kinaachia gesi ya ziada itoke. Unaanza kikiwa wazi kabisa, unakifunga kidogo kidogo mpaka mtambo ufanye kazi vizuri, basi. Wapo wanaosema ni kuharibu uasilia. Sikubaliani nao: kizibo cha zamani unakihifadhi kwenye droo, na bunduki haijakatwa popote. Hata muundo wa Garand wa mwanzo ulinasa gesi mbele ya mdomo wa mtutu, ukaachwa, likatobolewa tundu chini ya mtutu, na bunduki nyingi za awali zikabadilishwa.

Kukata mtutu, kutoboa risiva ili kufunga darubini, kubadilisha mbao ya mwalnati kwa plastiki, hayo siyafanyi. Na kugusa mtambo wa kifyatuo ili bunduki ipige mfululizo ni kosa la jinai la serikali kuu, lenye kifungo kinachofika miaka kumi. Kwa mhamiaji ni kujiharibia kila kitu.

Kidole gumba nacho kitunze. Bolti inajifunga kwa kasi, kwa hiyo unapokandamiza klipu, au unapoifunga ikiwa tupu, ubavu wa kiganja uzuie mkono wa fimbo usikimbie mbele.

Mtutu ukilika hadi mwisho wa maisha yake, kazi hiyo mpe fundi wa bunduki. Lazima aufunge kwa pembe sahihi, kisha apime nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda, maana nafasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka mbele ya uso wako. Klabuni kwetu tuna vipimo viwili, cha mdomo na cha koo la mtutu (pale risasi inapoingia mtutuni kutoka chemba), na tunapima mwanzoni mwa msimu. Wangu bado una maisha marefu, kwa hiyo fedha ya mwaka huu inakwenda kwenye risasi na springi mpya.