Mrututu hauwezi kupimwa na mukono

Juzi jioni nilienda ku foraji (kisima kirefu cha kuchimbwa na mashine) ya avenyu yetu hapa Katuba, Lubumbashi, na bidoni mbili tupu, nikarudi nazo tupu vile vile, na tangu hapo majirani wananiuliza kama nimegombana na papa mwenye foraji. Sijagombana naye. Naandika hapa kwa sababu pale njiani sikueleza vizuri, nilikuwa na hasira.

Tanki yetu ni ya simenti, inabeba kama lita 10,000, na juu iko wazi. Tangu jua la mwezi wa tisa lianze kukaza mayi ikageuka kijani, ukigusa ukuta unateleza, harufu ni ya udongo wa mtoni, wamama wakalalamika na walikuwa na haki. Sasa papa, mtu mwema kabisa, tulipokuwa na matanga alitugawia mayi siku tatu bila kutudai hata franka, akaleta mfuko wa mrututu, zile chumvi za bluu ambazo wenye mashamba wanapulizia nyanya. Nikamuuliza, "Papa, utaipima na nini?" Akanionyesha kiganja. "Na mukono, mama. Hii dawa miye naijua tangu zamani." Akatia konzi mbili ndani ya tanki mbele yangu.

Kweli dawa inaua mwani, yaani huo ukijani, Wamarekani walianza kuipendekeza kwa ajili ya mabwawa ya mayi ya kunywa tangu 1904. Lakini mrututu ni sulfati ya shaba, na robo ya uzito wake ni shaba yenyewe. Kwa mwani watu hutia kama miligramu moja kwa lita, maana yake kwa tanki yetu gramu 10, kijiko kidogo tu. Shirika la Afya Duniani linasema shaba ndani ya mayi ya kunywa isipite miligramu 2 kwa lita, na ukipiga hesabu, tanki yetu inafika hapo na gramu 80 hivi za mrututu. Konzi mbili za mwanaume zinapita hapo! Najua sisi watu wa huku shaba haitutishi, hata jimbo lenyewe liliitwa Shaba toka 1971 mpaka 1997, lakini ikizidi tumboni ni kichefuchefu na kutapika, na wanaokunywa hii mayi wengi ni watoto.

Na kuna kitu kinaniogopesha kuliko shaba. Aina fulani za huo ukijani zinabeba sumu ndani yake, na ukiziua zote mara moja zinapasuka na kuimwaga yote ndani ya mayi. Mwaka 1979 kule Palm Island, Australia, mji mdogo wa wenyeji wa asili, watu walilalamika bwawa linanuka, kama sisi tu, wakatia sulfati ya shaba, na siku chache baadaye watu wakaanza kuugua ini na figo, watu 148, karibu wote watoto. Mama anayesema "nitachemsha" namwelewa, nami nachemsha kila siku, ila hii sumu haiondoki kwa moto. Toledo kule Marekani mwaka 2014, kwa sababu ya sumu kama hii, watu zaidi ya 400,000 walikatazwa kunywa mayi ya bomba na wakaambiwa wazi wasiichemshe.

Ndiyo maana wenzetu dawa hii wameifungia sheria. Kule Marekani inaandikishwa kama dawa ya kuulia wadudu inavyoandikishwa, mfuko una maandishi unayopaswa kuyafuata, na kwa ziwa wanakuambia utibu nusu tu kisha ungoje kama wiki mbili. Sisi hapa Kongo sheria ya mayi tunayo, nambari 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, lakini ku avenyu yetu hakuna aliyekuja kuuliza ndani ya tanki kumeingia nini. Basi mpaka waje, naomba vitu vya kawaida kabisa: mizani, kaye ya kuandika siku na gramu, na watu waambiwe kabla ya kutia, si baada.

Na mwani wenyewe unakula jua. Ukifunika tanki giza likaingia, hauoti. Hii niliirudia kwa papa jana, pole pole safari hii, tukiwa tumekaa kwake, na mkewe ndiye aliyesema "si tuna tole (mabati) zilizobaki za jiko."

Jumamosi asubuhi tanki inamwagwa, tutasugua na brosi, fundi atafunika. Mpaka siku hiyo nachota ku kisima cha avenyu ya pili, ni mbali na mgongo unauma. Mfuko wa bluu bado uko kwenye depo. Nimemwomba papa auweke mbali na foraji, amesema atafikiria.