Oili ya giaboksi na oili ya difu, usizichanganye

Mtu mwenye gari la nguvu utakuta anaijua oili ya injini yake kwa jina, kwa namba, mpaka rangi ya kopo, ila muulize kwenye giaboksi kuna nini na kwenye difu (lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa matairi) kuna nini anakujibu "gia oili tu". Sasa hiyo "gia oili tu" ndo inamaliza giaboksi za watu. Giaboksi ya manyuali na difu zinataka vitu vinavyopingana, moja inataka msuguano kiasi ubaki, nyingine inataka utelezi mpaka mwisho, ukizipa oili moja bila kuangalia lazima mojawapo iumie, na mara nyingi inayoumia ni giaboksi.

Tuanze na difu maana ndo yenye mzigo mkali zaidi. Difu nyingi za gari zinazosukuma kwa nyuma zina gia za haipoidi, yaani pinyoni (gia ndogo inayosukuma) haijalenga katikati ya kraunwili (gia kubwa inayosukumwa), imeshushwa chini kidogo. Mpangilio huo uliingia kwenye magari miaka ya 1920, ukafanya propela shafti ikae chini na meno yawe na nguvu zaidi, lakini meno yenyewe yakawa hayabingirikiani tu, yanaburuzana huku yamebanwa vibaya sana. Oili ya kawaida hapo inakamuliwa inatoka yote, chuma kinakutana na chuma. Ndo maana ndani yake wanaweka kemikali za salfa na fosforasi, ambazo pale jino linapopata moto kwa msuguano zinaungana na chuma na kuacha utando mwembamba mno juu yake, kinacholika ni ule utando badala ya jino. Harufu ile kali ya gia oili inayokataa kutoka mikononi hata unawe vipi ni hiyo salfa. Oili yenye kemikali hizo kwa wingi ndo GL-5.

Haya, njoo kwenye giaboksi. Ukisukuma liva kuingiza gia, kuna ringi ya sinkronaiza, nyingi ni za shaba ya njano, inaenda kubana koni ya ile gia, na ule msuguano ndo unafanya vitu viwili vilivyokuwa vinazunguka kwa spidi tofauti vilingane kwanza ndo gia iingie. Ukiweka oili inayoteleza kupita kiasi ringi inateleza juu ya koni, spidi hazilingani, unasikia ile "krrr" hasa ukikimbilia namba mbili au tatu ukiwa na haraka. Halafu ile salfa, joto likipanda, inaweza kuila shaba polepole. Siku hizi GL-5 nyingi zimetengenezwa kwa kemikali zilizotulizwa ambazo haziumi shaba kama zile za zamani, hilo ni kweli, ila suala la utelezi liko palepale na mimi ndo linaloniuma zaidi, maana shaba inachukua muda kulika ila sinkronaiza inayoteleza inaanza kukukosesha gia siku hiyohiyo.

GL-4 ina takriban nusu ya zile kemikali. Na hapa nataka nisisitize kwa sababu nakutana nalo kila mahali: GL-5 sio toleo jipya la GL-4, sio kwamba tano ni bora kuliko nne. Ni madaraja ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani, yanayoelezea kazi mbili tofauti. GL-4 kwenye difu ya haipoidi ya gari lenye nguvu haitoshi, GL-5 kwenye giaboksi inayotaka GL-4 ni kujitafutia matatizo.

Ila sasa usikimbie kumwaga oili kwa sababu umesoma hapa, kuna gari hazifuati huo mstari. Subaru nyingi za manyuali giaboksi na difu ya mbele vimekaa kwenye boksi moja na vinakunywa oili moja, kwa hiyo kitabu kinakwambia GL-5 75W-90 (hizo namba za unene nazieleza chini) na sinkronaiza zake zimepangwa kwa hiyo oili. Kuna giaboksi zingine za manyuali zinataka ATF kabisa, yaani oili ya giaboksi za otomatiki, nyepesi kama maji, ukizimwagia 75W-90 asubuhi ya baridi gia zinakuwa ngumu mpaka unadhani klachi imekufa. Sinkronaiza za kaboni nazo zina mambo yake. Kitabu cha gari ndo kianzio, na kama umebadilisha giaboksi fuata maelezo ya aliyetengeneza hiyo giaboksi, sio ya gari.

Namba sasa. 75W-90 sio nzito kuliko oili ya injini kama watu wanavyofikiri kwa kuona 90 ni kubwa kuliko 40, ni vipimo viwili tofauti vya SAE, chama cha wahandisi wa magari. Oili ya 90 ikiwa kwenye nyuzi joto 100 ina mnato (unene) wa kuanzia 13.5 sentistoksi, ambao kwa upande wa injini unaangukia kwenye 40 na 50 hivi. 140 ndo nzito kweli, inaanzia 24. Ile namba yenye W inakwambia oili inatembeaje kwenye baridi, 75W inapimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri, 85W kwenye 12 chini ya sifuri. Hata kama sehemu yako haifiki baridi hiyo, 75W bado inasaidia gia ziingie vizuri dakika za mwanzo kabla boksi halijapata joto.

Kama gari ni la barabarani na mara mojamoja unalikanyaga, 75W-90 ya sinthetiki kwenye difu inatosha, usitafute makuu. Ukianza kwenda trak, yaani uwanja wa mbio, mizunguko mfululizo, difu inapata joto hatari na haina rejeta, na oili kila inapopanda nyuzi 10 inazeeka haraka karibu mara mbili. Hapo 75W-140 inaanza kuwa na maana kwa sababu ikishachemka bado inabaki na unene wa kulinda meno na beringi. Lakini uzito una gharama, oili nzito inakula nguvu na yenyewe inazalisha joto la kukorogwa, kwa hiyo kuiweka kwenye gari la kwenda kazini na kurudi ni kujisumbua bure. Na kwenye giaboksi usipandishe uzito kiholela kabisa, sinkronaiza zinachelewa kubana.

LSD, yaani difu inayozuia tairi moja lisizunguke bure, ndo sehemu tamu. Ile ya sahani, yaani yenye klachi ndani, inahitaji oili ya LSD yenye friksheni modifaya, kemikali ya kurekebisha msuguano wa sahani. Ikikosa modifaya utaisikia mwenyewe: unakata usukani mpaka mwisho unapaki, gari linatetemeka na kugonga nyuma "kudu kudu kudu", sahani zinashika na kuachia badala ya kuteleza taratibu. Ukizidisha modifaya nako kelele inakufa ila na LSD inakufa nayo, unatoka kwenye kona tairi la ndani linazunguka bure kama difu ya kawaida. Kwa gari la trak mimi navumilia kelele kidogo, kwangu hiyo kelele ni dalili kwamba sahani zinashika. Ninachofanya ni kuanza na modifaya kidogo, naenda uwanja mpana nazunguka namba nane taratibu, kulia kushoto, ili oili iingie katikati ya sahani, nikiona mtetemo bado umezidi ndo naongeza. Sio unamwaga chupa nzima kwanza. Na soma kopo kabla hujanunua modifaya, Red Line kwa mfano wana 75W90 ambayo tayari ina modifaya na 75W90NS ambayo haina, majina yamefanana ila kazi ni tofauti kabisa. LSD za Torsen na zingine za gia tupu hazina sahani, kwa hiyo hazihitaji modifaya, GL-5 nzuri inatosha. LSD ya sahani pia inachafua oili haraka kwa sababu vumbi la sahani linabaki humohumo, kwa hiyo badilisha mapema kuliko difu ya kawaida.

Giaboksi za klachi mbili nazipita haraka kwa sababu hazina mjadala. Kama ni ya klachi zinazolowa, mfano DSG ya Volkswagen ya gia sita, klachi zinaogelea kwenye oili na oili ndo inaamua zishike vipi, weka ile iliyoidhinishwa na mtengenezaji na filta yake. Usijaribu.

Kwenye kubadilisha kwenyewe, fungua plagi ya kujazia kwanza kabla ya ile ya kumwagia. Imeshatokea sana mtu anamwaga oili yote halafu plagi ya juu imeganda haifunguki, gari haliendi popote. Ukiitoa ya chini angalia sumaku iliyo kwenye plagi. Utakuta tope la kijivu limejikusanya kama manyoya, lisugue kati ya vidole, likiwa laini kama krimu hiyo ni kawaida. Ukisikia chenga au ukaona kipande chenye ncha, usijaze oili mpya ukajifanya hujaona, kuna jino au beringi inaondoka. Vinavyometameta rangi ya dhahabu kwenye oili ya giaboksi ni sinkronaiza, na hivyo sumaku haivishiki, kwa hiyo mwaga kwenye beseni safi uiangalie kwenye mwanga.

Jaza gari likiwa usawa kabisa, mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, kisha acha ichuruzike iishe ndo ufunge plagi kwa washa (ringi ya kuzibia) mpya. Kuzidisha sio kulinda, oili ikizidi inakorogwa inatoa povu na povu halilindi jino, au inatokea kwenye briza (tundu la kupumulia) na kulowesha chini yote. Briza yenyewe ipulize kabisa wakati uko hapo chini, ikiziba presha inasukuma sili, na sili ya pinyoni ikianza kuvuja difu inaweza kukauka taratibu bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi.