Mkasi hauruhusiwi kwenye meza ya stempu

Jana binti yangu kauliza, "Baba, kwa nini mkasi hauruhusiwi kwenye meza yako ya stempu?" Nikamjibu mkasi ni mkali, utakukata. Uongo mtupu, ana miaka kumi na moja huyo, mkasi anautumia kila siku.

Ni ile enzi nimejipa uticha, kila anayeanza stempu analetwa kwangu. Dogo mmoja akaja na bahasha moja tu, ya barua ambayo babu yake alimtumia bibi kabla hawajaoana. Mpole, kila kitu "sawa kaka". Nikamwonyesha kibano maana vidole vina mafuta, nikamwambia stempu haibanduliwi kwa kucha, inalowekwa kwenye maji ya vuguvugu dakika kama kumi na tano mpaka gundi iachie yenyewe. Yote sahihi, mpaka leo nafundisha hivyo hivyo.

Halafu nikachukua mkasi. Nakata kona ya ile bahasha huku mdomo haufungi, namsimulia Penny Black ya Uingereza ya mwaka 1840, stempu ya kwanza duniani, kwamba haikuwa na meno, yale ya pembeni ya kuchania, ilibidi zitenganishwe kwa mkasi, ndo maana ukipata iliyobaki na ukingo mweupe pande zote nne wakusanyaji wanaigombania, "kwa hiyo dogo, mkono usiwe na haraka", nasema hivyo na mkasi unapita katikati ya muhuri wa posta wala sioni. Nikapunguza tena pembeni, kipande chembamba kama uzi, ili ikae vizuri kwenye bakuli. Kikaanguka chini, nikakisukuma kwa mguu.

Stempu ikaachia safi kabisa, nikaidaka kwa kibano, nikailaza kifudifudi ikauke. Nasubiri sifa. Ilipokauka dogo akaigeuza, akaisogeza kwenye bahasha mpaka muhuri ukakutana, nusu duara huku, nusu duara kule. Akainama. Siku ipo, mwezi upo. Mwaka: 196, halafu pengo.

"Kaka, hapa palikuwa na namba gani?"

Tulikitafuta kile kipande kwa tochi ya simu chini ya meza, wapi. Barua yenyewe haikuandikwa tarehe, na bibi hayupo tena wa kuulizwa. Na mimi nilikuwa najua vizuri tu kwamba bahasha ya zamani yenye muhuri wake haikatwi, mara nyingi nzima ina thamani kuliko stempu peke yake. Stempu yenyewe ya kawaida, ninazo saba kama hiyo.

Hakukasirika, ndo kilichoniuma. Siku hizi anakusanya bahasha nzima tu, sijawahi kumuuliza kama ni kwa sababu yangu. Ile stempu aliniachia, "kaa nayo kaka, ushaitoa wewe". Ipo kwenye albamu, ukurasa wake peke yake.

Binti akaifikia hiyo jana hiyo hiyo. "Na hii mbona umeitenga?"

Nikamwambia muda wa kulala umefika.